Mwalimu Aliyetaka Taa Izime Yenyewe

Kila mtu mjini Kakamega aliyefundishwa udereva na Mwalimu ana hadithi ya jinsi alivyogombezwa. Mmoja aligombezwa kwa kushika usukani kama anayekamua ng'ombe. Mwingine aligombezwa kwa kutazama gia badala ya barabara. Kulikuwa na mchungaji wa kanisa aliyekuwa akifumba macho kila lori la miwa lilipotokea mbele yake, naye Mwalimu akamwambia, "Fungua macho, Pasta. Utaomba tukifika." Mchungaji alipanda ngazi hadi ofisini kwangu kulalamika. Nikampa maji, akanywa, na siku iliyofuata akarudi kwa somo lake. Walikuwa wakirudi karibu wote, na mimi niliyekuwa karani wa shule ile sikuelewa ni kitu gani kilichowarudisha.

Mwalimu mwenyewe hakuwa na gari na hakuwahi kuwa nalo. Alikuja kazini kwa baiskeli nyeusi isiyo na breki hata moja. Akitaka kusimama alisugua soli ya kiatu cha kulia barabarani, ndiyo maana viatu vyake vyote vilikuwa vimelika upande mmoja na alitembea kama mtu anayeteremka mlima. Nilipomuuliza kwa nini mtu anayewahubiria watu habari za breki kutwa nzima asitengeneze za kwake, alinijibu, "Baiskeli ni yangu. Nikifa nayo nimekufa mimi." Alikuwa na majibu ya namna hiyo, yanayokuacha umenyamaza lakini hujaridhika.

Kukaa naye ofisini kulichosha. Alikuwa akiacha chai yake ipoe huku akinieleza jinsi watu wa siku hizi wasivyojua kupika chai ya moto. Alikuwa akipiga chafya kwa sauti ya kuwashtua wateja, kisha anawatazama wao kana kwamba ndio waliopiga. Na aliuchukia mji wetu mdogo. Kila shule ya udereva huwa na meza pana ya mbao iliyochorwa barabara, mizunguko na vivuko, ambapo mwanafunzi husukuma kigari cha plastiki na kueleza atapita wapi. Mwalimu alisema mji ule ni wa uongo kwa sababu hauna shimo hata moja. Aliokota kokoto nje akazimwaga kwenye mzunguko. Madam akiziondoa, asubuhi yake unazikuta tena, na mara moja nilikuta hata ganda la karanga, ambalo alisema ni ng'ombe aliyelala.

Madam ndiye aliyekuwa mwenye shule. Alikuwa amestaafu kazi ya serikali, akakodi chumba juu ya duka la simenti, akanunua gari, na akamwajiri Mwalimu kwa sababu alikuwa mkali. Baadaye ukali huohuo ndio uliomnyima usingizi. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mtu aliyeweka kila alichokuwa nacho katika kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa kinakohoa.

Gari letu lilikuwa moja tu, dogo, jeupe, la gia za mkono. Lilitumika nje ya nchi, likaja hapa likafanya teksi, likawa la mwalimu wa sekondari, ndipo likafika kwetu. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zilikuwa nyingi, na hakuna aliyeamini kwamba ndizo zote. Kila mwanafunzi aliliongezea uchovu wake. Fikiria gari linaloendeshwa kila siku na watu wasiojua kuendesha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu hakumruhusu mtu kuliruka. Kabla ya kuwasha injini, mwanafunzi alipaswa kuzungusha ufunguo nusu na kutulia. Taa zote za dashibodi zinawaka: ya oili, ya betri, ya injini, ya handbreki. Kisha anawasha, na taa zinazima. "Zote ziwake, halafu zizime zenyewe," alikuwa akisema. "Isiyowaka ina ugonjwa. Isiyozima ina ugonjwa." Wanafunzi walilikariri hilo kama sala. Wengine walisimama pale ofisini wakingoja zamu yao, wakilisema kwa sauti yake na kuchekelea.

Sasa ilitokea kwamba taa ya injini, ile ya rangi ya machungwa, iliwaka na ikakataa kuzima. Mwalimu alikuwa kwao Musanda akipanda miwa, amechukua likizo fupi. Madam alimwita fundi wetu wa jua kali akalichukua gari, na aliporudi Mwalimu taa haikuwapo. Haikuwaka hata kidogo. Alizungusha ufunguo nusu, akahesabu taa kwa kidole, akapanda ngazi akiwa ameshika kofia.

"Madam, taa moja imekufa."

"Balbu imeungua," Madam akasema bila kuinua kichwa. "Tutaweka nyingine."

"Lini?"

"Mwalimu, una wanafunzi chini wanakungoja."

Alinung'unika, akateremka. Nafikiri alitaka kumwamini. Kazi ilikuwa nyingi wakati ule, na hata mtu mkali huchoka kuwa mkali juu ya kila kitu.

Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakimngoja chini alikuwa mama mmoja kutoka Ekero, kule Mumias. Alikuwa mshonaji, mtaratibu, aliyevaa buibui safi na kufika kabla ya wakati wake. Shule moja ya karibu na kwake ilikuwa imemwahidi kazi ya kuendesha gari la watoto mara atakapopata leseni, na alilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kulishtua likimbie. Alishika usukani vizuri. Kugeuza alijua, vioo alitazama. Shida yake ilikuwa moja: gari lilimzimikia. Akisimama kwenye makutano, akianza kuachia klachi, injini inatetemeka na kufa. Akiwasha tena, inakufa tena. Magari ya nyuma yanapiga honi.

Mwalimu alimgombeza kuliko alivyowahi kumgombeza mtu. Nilimsikia kutoka dirishani. "Mama, hiyo klachi ni mguu, si nyundo! Polepole. Polepole zaidi. Sasa umelala." Mama yule aliwasha tena. Alikuwa akipanda ngazi baada ya somo, anatia sahihi, kisha anaenda zake. Siku moja aliniuliza, "Karani, kwani kuna watu ambao hawawezanga kabisa?" Nikamwambia kila mtu hufika mahali pake. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo makarani wanavyosema.

Siku ya mtihani gari lilimzimikia akiwa anapanda kilima, likarudi nyuma kidogo kabla hajakanyaga breki, na ofisa akamwambia ashuke. Alirudi Ekero siku hiyohiyo. Hakuja kupanga mtihani wa pili.

Baada ya mtihani Mwalimu ndiye aliyelirudisha gari mjini. Kwenye makutano ya soko, yeye mwenyewe, mtu ambaye aliweza kuanza kupanda kilima huku anamenya chungwa, aliachia klachi na gari likafa. Aliwasha. Likafa tena. Alinieleza hayo muda mrefu baadaye, na hata hapo alinieleza akiwa ananipa mgongo, anapanga vigari vya plastiki. Alisema alikaa pale makutanoni huku watu wakimpigia honi, akafungua kioo, na ndipo aliposikia harufu ya petroli kutoka kwenye ekzosi. Akashuka akatia kidole ndani ya bomba. Kidole kilitoka cheusi tititi.

Hakuja ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Fundi alipoulizwa kuhusu taa ya injini, alifungua kopo lake la misumari, akatoa balbu ndogo, nzima kabisa, akaiweka kiganjani mwa Mwalimu. "Iko hapa. Madam alisema inasumbua wanafunzi."

Ndipo vita vilipoanza, na vita hivyo ndivyo ninavyomkumbukia zaidi. Si kwa sababu vilikuwa vya kishujaa. Vilikuwa vya kuchosha, vya kurudiarudia, na nusu ya uchovu huo aliusababisha yeye mwenyewe.

Walilipima gari kwa kompyuta, na kompyuta ikasema sensa ya mbele imekufa. Nilikuja kujua habari za sensa hizo kuliko nilivyotaka. Gari lile lilikuwa na mbili, zimefungwa kwenye bomba la moshi kama plagi. Katikati yake kuna kopo la chuma lenye kazi ya kusafisha moshi. Sensa ya mbele huonja moshi unaotoka kwenye injini na kuiambia kompyuta ya gari iongeze petroli au ipunguze. Ya nyuma huonja moshi uliokwisha kusafishwa, kuangalia kama kopo linafanya kazi. Ya mbele ikizeeka huanza kudanganya. Injini inapewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma, inasongwa, na wakati mguu hauko kwenye mafuta, kama vile mwanafunzi anapoachia klachi, inakufa.

Madam alikubali kwa shingo upande sensa ibadilishwe, lakini ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililopata ajali. Ile ya zamani ilikuwa imeshikana na bomba kwa kutu. Waliimwagia mafuta, wakaipasha moto, wakaivuta, na ilipotoka ilitoka na mikato ya skrubu ya tundu lake, ikabidi tundu nalo litengenezwe upya. Kutwa nzima iliishia hapo, nami nikashinda kwenye simu nikiwaambia wanafunzi waje siku nyingine. Taa ilirudishiwa balbu yake. Iliwaka, ikazima yenyewe. Mwalimu alipanda ngazi akasema "Sawa" tu, lakini chai yake siku hiyo aliinywa ya moto.

Wiki haikwisha kabla taa haijarudi.

Wakaweka nyingine, mpya, ndani ya boksi zuri lenye maandishi yaliyokosewa tahajia. Ikakaa kidogo, ikafa. Hapo Mwalimu akashikwa na wazo lake mwenyewe. Alisema tatizo si la mbele, ni sensa ya nyuma. Fundi alimwambia sensa ya nyuma haihusiki na gari kuzima. Mwalimu akasema yeye amekaa ndani ya magari kabla fundi hajazaliwa. Ikabadilishwa ya nyuma, na gari likaendelea kuzima vilevile. Hakuomba radhi. Alisema angalau sasa ya nyuma ni nzuri.

Fundi, aliyechoka na sisi sote, akaja na ujanja. Alichonga kipande cha chuma kama nati ndefu, akakifunga kwenye bomba na kuipachika ile sensa ya nyuma juu yake, ili iwe mbali na moshi na isione kitu. "Hivi haitalalamika tena," akasema. Mwalimu alikiangalia kile chuma. Akamuuliza, "Mtoto akilia, unamziba mdomo?" Fundi akasema hilo si jibu. Lilikuwa kweli si jibu, lakini alilazimika kukiondoa.

Wanafunzi walianza kupungua. Madam alikuwa akiingia ofisini, anatazama viti vitupu, anauliza, "Gari liko wapi?" na mimi najibu, "Kwa fundi," na yeye anakaa chini na mkoba bado begani. Nilimhurumia Madam. Siku zingine nilimchukia Mwalimu waziwazi. Nilimwambia, "Mwalimu, shule zote mjini zina magari yenye taa inawaka. Watu wanafaulu."

"Na wale wasiofaulu?"

"Hawafaulu popote."

"Wewe unajuaje ni nani aliyeshindwa?" akaniuliza. "Mtu yuko ndani ya gari inayokufa yenyewe. Mimi namwambia ni mguu wako. Anaenda nyumbani anajua ni mguu wake. Utamrudishia nini?"

Hakutaja jina la mtu, na sikumuuliza.

Aliyetutoa kwenye shimo lile alikuwa fundi mwingine, wa Shirere, ambaye alitaka kwanza kuona sensa zilizotolewa. Mwalimu alikuwa amezihifadhi zote ndani ya soksi. Fundi huyo alizipanga kwenye gunia, akaonyesha ncha zake. Zilikuwa zimefunikwa na kitu cheusi kinachong'aa. "Sensa haina makosa," akasema. "Injini imezeeka, inakunywa oili. Ile oili inaungua inapaka sensa. Na hapa kwa bomba kuna ufa, hewa inaingia, sensa inaonja hewa badala ya moshi. Hata mkiweka kumi, zitakufanga hivi hivi." Alisema lazima injini ifunguliwe juu, ibadilishwe ile mipira midogo inayozuia oili kuvuja, ufa uchomelewe, na baada ya hayo ndipo iwekwe sensa halisi, si ya boksi zuri.

Madam alikataa. Alikataa kwa sauti ya mtu ambaye angelia kama angekuwa peke yake. "Nimebadilisha sensa mpaka nimechoka, Mwalimu. Sasa mnataka injini. Kesho mtataka paa la nyumba yangu."

Mwalimu hakubishana. Alichukua ufunguo, akasema, "Madam, njoo tu uone." Wakateremka, nami nikawafuata kwa sababu nilidhani ningehitajika kuwaamua. Alimfungulia Madam mlango wa dereva, nami nikaingia kiti cha nyuma. Madam alikuwa na leseni tangu zamani, na alikuwa na gari lake dogo la gia zinazojibadilisha zenyewe. Hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti cha wanafunzi wake. Aliendesha vizuri hadi kwenye kilima cha nyuma ya soko, mahali ambapo wanafunzi hufundishwa kusimama na kuondoka. Mwalimu akamwambia asimame. Akasimama. Akamwambia aondoke.

Gari likafa. Akawasha, likafa. Nyuma yetu kulikuwa na lori la mchanga na pikipiki kadhaa, na wanawake waliokuwa wakiuza mboga kando ya barabara waliacha kupanga mboga zao ili watazame. Dereva wa lori alitoa kichwa akapiga kelele, "Mama, rudi shule!" Madam alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mwalimu hakusema neno. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa ndani ya gari lile bila kusema neno.

Hatimaye Madam alivuta handbreki na kusema, "Peleka kwa huyo mtu wa Shirere."

Gari lilikaa huko hadi nikaanza kuamini halitarudi. Liliporudi, lilikuwa limenyamaza. Ungesimama kando yake usijue kama limewashwa. Mwalimu alinilazimisha nishuke nije nitazame. Alizungusha ufunguo nusu, taa zote zikawaka, akaziacha hivyo nizione, kisha akawasha. Zikazima. Akatia kidole ndani ya ekzosi akanionyesha, kikiwa na vumbi kidogo tu la kijivu. Alikuwa akitabasamu, na meno yake yalikuwa machache kuliko nilivyodhani.

Baada ya hapo aliniomba nifuatane naye Ekero. Alisema yule mama hatamfungulia mlango akiwa peke yake. Tulimkuta barazani akishona sare za watoto, cherehani inakwenda kasi.

"Asalaam aleikum," Mwalimu akasema, ingawa yeye ni mtu wa kanisani.

"Wa aleikum salaam. Karibuni." Aliinuka akatutolea viti. Alitupa chai na mandazi, akatuuliza habari za mjini. Mwalimu alizungusha kikombe mkononi kwa muda, kisha akasema, "Mama, gari ilikuwa mbovu. Haikuwa wewe. Nimekuja tuanze tena, na safari hii somo ni juu yangu."

Mama yule alikatisha uzi kwa meno. "Ile kazi walimpa mtu mwingine, Mwalimu."

"Kutakuwa na kazi nyingine."

"Labda." Alilainisha kitambaa kwa kiganja. "Lakini mimi nilishazoea kujua kwamba siwezi. Nikaacha kufikiria. Sasa mkinirudisha huko tena, hapana. Nawashukuru kwa kuja."

Mwalimu alijaribu tena, kwa upole, na tena kwa ukali kidogo, akaharibu kabisa. Yule mama alitusindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Njia yote ya kurudi Mwalimu alimtazama dereva wa gari tulilopanda na kukanyaga sakafu kila kulipokuwa na kona, kama kawaida yake, lakini hakumwambia dereva kitu.

Mwezi ule gari lilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote niliokuwa pale, na wanafunzi walianza kuongezeka. Kisha asubuhi moja lilikuja lori dogo la mkulima wa Lugari, mtu wa mahindi, akiwa na mwanawe. Walilizunguka gari, wakaliwasha, wakasikiliza, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Madam alikuwa amewaita. Lilikuwa limepona, alinieleza, na gari la umri ule halipati mnunuzi ila siku likiwa limepona. Angengoja nini? Lingine angelipata kwa bei nafuu. Nilielewa. Bado naelewa. Nilibaki nimekaa nikizitazama kokoto kwenye ule mji wa mbao, nikitamani mtu azitupe nje ya dirisha.

Gari lililoletwa badala yake lilikuwa la kijani, lenye viti vilivyotoboka. Mwalimu aliliingia, akazungusha ufunguo nusu, akatulia. Kisha akauzungusha wote. Sijui aliona taa gani. Alizima, akatoka, akafunga mlango taratibu, akapanda ngazi na kuweka ufunguo mezani kwangu.

"Karani, weka hii."

"Unaenda wapi?"

"Musanda. Miwa ina magugu."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Madam naye alidhani hivyo. Alimpigia simu, baadaye akanituma nimpigie mimi. Alipokea, akauliza habari za nyumbani, akaniambia hajambo. Kurudi hakurudi. Madam aliajiri kijana mpole ambaye hakumgombeza mtu, na wanafunzi walimpenda, na wengi wao waliacha katikati. Mimi pia niliondoka baadaye, nikafungua kibanda changu cha kupiga chapa na kutoa nakala.

Mara ya mwisho nilipomwona Mwalimu ilikuwa Lubao, siku ya soko la mifugo. Nilikuwa nimekwenda kununua mbuzi kwa shughuli ya kaka yangu. Yeye alikuwa ameleta ndama kwa pikapu ya shemeji yake, amewauza, na sasa alikuwa amesimama kando ya gari akifagia majani kwa tawi. Alikuwa amekonda. Nilimwita, akageuka, akavua kofia.

"Mama, hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Alikuwa akiniita Karani miaka yote. Alinisaidia kumpakia mbuzi wangu, akasema atanifikisha mjini, si taabu, ni njia yake. Aliniuliza kama naendesha siku hizi. Ilinibidi nimwambie kwamba sijawahi kujifunza, hata somo moja, miaka yote niliyokaa pale juu ya duka la simenti nikiwaandikisha watu. Nilijikaza kungoja matusi.

"Si kitu," akasema. "Si lazima kila mtu aendeshe."

Sijui kwa nini maneno hayo yaliniudhi vile. Aliyasema kama mhudumu wa hoteli anayekuambia samaki wamekwisha. Nikamwambia, "Basi nifundishe sasa."

Soko lilikuwa limeanza kuisha na uwanja wa ng'ombe umebaki mtupu, kwato na samadi tu. Alisita, kisha akanipa ufunguo na kuzunguka upande wa pili. Alinieleza klachi, gia, breki, kwa sauti ya chini, mikono imelala mapajani. Nikaachia klachi. Pikapu ikaruka mbele, ikafa.

"Pole," akasema.

Nikawasha tena, ikafa tena.

"Pole. Hutokea."

Mara ya tatu alikuwa akitazama nje, mahali ambapo watu wawili walikuwa wakibishana juu ya fahali. Nilipiga usukani kwa kiganja. "Mwalimu, mbona hunigombezi?"

Alirudisha macho ndani. "Niligombeza sana," akasema. "Nikagombeza hata mahali haikufaa. Nikachoka."

"Pasta alirudi. Wote walirudi."

"Si wote."

Niliwasha, nikatia gia, nikaachia klachi kama mtu anayetupa mzigo, na pikapu ikaruka kwa nguvu hadi mbuzi wangu akaanguka kule nyuma na kulia, na kofia ya Mwalimu ikagonga kioo cha mbele. Injini ikafa. Aliokota kofia, akaitazama, akaivaa. Kisha akanigeukia, na nikaona shingo yake ikivimba.

"Karani," akasema, "huo mguu wa kushoto umeuazima kwa nani? Kwa sababu mwenyewe anautafuta. Unaachia klachi kama unakanyaga nyoka. Umekaa kwa shule miaka yote hiyo, unawapa watu risiti, masikio ulikuwa umeyaweka wapi? Na tazama mbele. Usinitazame mimi, mimi si barabara. Nimesema mbele. Washa."

Nikawasha, naye akaendelea kunigombeza hadi tukafika mwisho wa uwanja.